Karatasi ya Maabara Si Hukumu

Miongoni mwa mambo yaliyoletwa na maendeleo ya tiba katika nchi yetu, lipo moja lisilozungumzwa vya kutosha: mwananchi kupewa tarakimu bila ya kupewa maana yake. Mtu huenda hospitali kwa homa isiyokwisha, au huchunguzwa afya kabla ya kuajiriwa, au hupimwa kwa sababu ameanza dawa za kifua kikuu. Damu inatolewa, karatasi inarudi, na katikati ya mistari iliyo sawa upo mmoja uliowekewa alama: vimeng'enya vya ini vimezidi kidogo. Mwenyewe hana manjano machoni wala maumivu ya tumbo. Anaambiwa arudi baada ya majuma machache, foleni ni ndefu, na maelezo yanaishia hapo.

Kutoka hapo watu hushika njia mbili. Wapo wanaorudi nyumbani na kuanza kuusia watoto, kwa kuamini kwamba ini limekwisha. Na wapo wanaoikunja karatasi na kuitia mfukoni wasiitazame tena, maadam hawaumwi. Njia zote mbili zina hatari. Maoni yetu ni kwamba tarakimu iliyopanda kidogo ni swali lililoulizwa na mwili, na ni wajibu wa mgonjwa, wa daktari na wa Serikali kuhakikisha kwamba swali hilo linapata jibu.

Hofu yenyewe ina asili yake. Katika lugha yetu ini ni mahali pa uchungu, na neno lililomchoma mtu sana husemwa kuwa limemkata maini. Tena majina yamechanganyika. Homa ya manjano, ambayo huenezwa na mbu, huchukuliwa na wengi kuwa ndiyo homa ya ini. Na manjano ya macho, ambayo ni dalili tu, hufanywa kuwa ugonjwa kamili. Aliyetajiwa ini husikia yote matatu kwa pamoja.

MAANA YA TARAKIMU

Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi, nalo limekaa upande wa kulia chini ya mbavu. Huweka akiba ya sukari ya mwili, hutengeneza protini zinazogandisha damu mtu anapojikata, na hupokea karibu kila dawa na kila sumu tunayoimeza. Ndani ya seli zake mna vimeng'enya vinavyosaidia kazi hizo, na viwili kati yake huandikwa katika karatasi za maabara kwa herufi ALT na AST. Seli ikiumia, vimeng'enya hivyo huvuja na kuingia katika damu kwa wingi kuliko kawaida, na kipimo huhesabu kilichovuja. Ni kama kuona maji sakafuni karibu na mtungi. Maji hayo yanatuonya tuutazame mtungi, lakini hayatuambii kama una ufa, au kama kuna aliyepita akamwaga kata.

Yafaa ikumbukwe kwamba kipimo hiki hakikuanza na ini. Mwaka 1954 madaktari LaDue, Wróblewski na Karmen wa New York walieleza jinsi AST inavyopanda mtu anaposhikwa na shambulio la moyo. Mwaka uliofuata Fernando De Ritis na wenzake wa Italia walionyesha faida yake katika homa ya ini. Tangu mwanzo, basi, ilijulikana kwamba kimeng'enya hiki si mali ya ini peke yake.

Maabara nyingi huweka mpaka wa juu karibu na yuniti 40 kwa lita, lakini mitambo hutofautiana, kwa hiyo mtu hana budi kulinganisha tarakimu yake na mpaka ulioandikwa katika karatasi yake mwenyewe. Mwaka 2017 wataalamu wa Marekani walishauri kwamba mpaka wa ALT kwa mwenye afya njema uhesabiwe kuwa 29 hadi 33 kwa mwanamume, na 19 hadi 25 kwa mwanamke. Tunaposema vimezidi kidogo, tuna maana ya kiasi kisichofika mara 5 ya mpaka.

Jambo moja tungependa kulisisitiza. Vimeng'enya hivi havipimi nguvu ya ini. Mtu ambaye ini lake limesinyaa na kujaa makovu anaweza kuwa na tarakimu za kawaida kabisa, na kijana mwenye ini zima akawa na tarakimu zilizopanda. Utendaji wa ini hutazamwa kwa vipimo vingine, kama vile albumini, bilirubini na muda wa damu kuganda.

MLIMANI NA VISIWANI

Ili jambo hili lisibaki la vitabuni, tulitazame likiwa mahali. Vidunda ni kata ya wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika milima iliyo juu ya Kidodi, kwenye barabara itokayo Mikumi kwenda Kidatu na Ifakara. Ni nchi ya Wavidunda, wakulima wa mlimani wenye lugha yao. Chini yao, katika bonde la Ruaha Mkuu, yametanda mashamba ya miwa, yakiwemo yale ya Ruembe.

Msomaji wetu wa Visiwani huenda akauliza, Vidunda inatuhusu nini? Inatuhusu kwa mambo mawili. Kwanza, sembe na karanga nyingi zinazoliwa Unguja na Pemba hutoka katika mashamba ya Bara, na kilichoharibika katika ghala la mkulima huweza kuishia katika chungu cha mvuvi. Pili, mtu wa mlimani na mtu wa kisiwa kidogo wana shida moja. Anayeteremka mlima kwenda kupimwa, na yule wa Kojani au Tumbatu anayevuka bahari, wote wawili hawana wepesi wa kupimwa leo na kurudi tena kesho kutwa. Safari ya pili ina nauli yake na siku yake ya kazi iliyopotea, na mara nyingine haifanyiki kabisa.

Sasa tumfikirie mkulima aliyeteremka na mzigo wa maharage mpaka Kidodi, au kijana aliyeanza kukata miwa na kufanya kazi hiyo juma zima. AST imo pia katika misuli, katika moyo na katika chembe nyekundu za damu. ALT imo zaidi katika ini, lakini misuli nayo ina kiasi chake. Kazi nzito ambayo mwili haukuizoea inaweza kupandisha vimeng'enya hivi kwa siku kadhaa, hata juma zima, na ini likawa halina neno. Daktari asiyeuliza, "Juzi ulifanya kazi gani?" anaweza kumwandika mgonjwa wa ini mtu aliyechoka misuli tu. Swali hilo halina gharama. Na shaka ikibaki, kipo kipimo cha kimeng'enya cha misuli kiitwacho CK.

Damu nayo ina safari yake. Kwa kawaida zahanati ya kijiji haina mtambo wa vipimo hivi, kwa hiyo ama mgonjwa asafiri, ama sampuli isafirishwe. Damu ikitikiswa sana njiani, au ikikaa muda mrefu kabla ya kutengwa, chembe nyekundu hupasuka na AST iliyomo humwagika. Hapo mtungi haukuvuja. Maji yamemwagwa na wabebaji.

SABABU ZA INI LENYEWE

Hayo yasitufanye tudhani kwamba kila kipimo kilichopanda ni uzushi. Dalili ya mvua ni mawingu, na yapo mawingu yaletayo mvua kweli.

La kwanza kutazamwa ni homa ya ini aina ya B. Alama ya kirusi chake katika damu ilielezwa mwaka 1965 na Baruch Blumberg wa Marekani, ambaye alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani walikuwa wakiishi na kirusi hicho. Huenea kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Watoto 9 kati ya 10 wanaoambukizwa wakati wa kuzaliwa hubaki nacho, hali watu wazima walio wengi hukishinda wenyewe. Tanzania ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hiyo walio wengi miongoni mwa waliozaliwa kabla ya hapo hawakupata kinga hiyo utotoni, nao ndio wazazi, wavuvi, wakata miwa na watumishi wa Serikali wa leo.

Homa ya ini aina ya B ikigunduliwa mapema, dawa kama tenofoviri, ambayo pia hutumika dhidi ya VVU, huweza kukizuia kirusi kwa miaka mingi. Aina ya C, ambayo zamani ilikuwa ngumu sana kutibika, sasa huponywa kwa vidonge vya miezi miwili au mitatu. Lakini mwenye kirusi anaweza kukaa miaka akiwa na vimeng'enya vya kawaida, na kwa hiyo ALT iliyo sawa haitoshi kumwondolea mtu shaka ya homa ya ini.

Sababu ya pili ni mafuta kujikusanya ndani ya ini, hasa kwa mwenye uzito uliozidi au mwenye kisukari. Inakadiriwa kwamba karibu watu wazima 3 kati ya 10 duniani wana hali hiyo. Kitambi, ambacho kwetu kilihesabiwa alama ya neema, kimekuwa alama ya kutiliwa shaka. Chai yenye sukari vijiko vinne, soda kila mchana, mikate na vitumbua, kisha kiti cha ofisi mpaka jioni: watumishi wengi, pengine pamoja na watakaoisoma safu hii mezani pao, wajitazame humo. Jambo la kushukuru ni kwamba mtu akipunguza sehemu 7 hadi 10 katika kila 100 za uzito wake, mafuta na uvimbe wa ini hupungua.

Sababu ya tatu ni pombe, iwe ya dukani, ya kienyeji au gongo. AST ikiwa mara mbili ya ALT au zaidi, daktari huwa na haki ya kuuliza habari ya pombe, na mgonjwa hana budi kusema kweli. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Sababu ya nne ni dawa. Parasetamoli iliyozidishwa kipimo huumiza ini vibaya. Mitishamba nayo, kwa kuwa imetoka porini, haikuwa salama kwa sababu hiyo tu. Hapa ndipo hofu inapozaa madhara: mtu aliyetishwa na karatasi hununua "dawa ya kusafisha ini" asiyojua ndani yake mna nini, na ini lililokuwa na udhia mdogo likapata mkubwa.

Baya kuliko hilo ni mgonjwa wa kifua kikuu kuacha dawa. Kati ya watu 10 wanaotumia isoniazidi, mmoja au wawili hupanda vimeng'enya kidogo, kisha aghalabu hushuka wenyewe huku dawa ikiendelea. Madaktari husimamisha dawa hizo vimeng'enya vinapozidi mara 3 ya mpaka na mgonjwa ana dalili, au mara 5 hata kama hana dalili. Anayeziacha kwa shauri lake, kwa kuogopa tarakimu iliyozidi mara moja na nusu, anajitafutia kifua kikuu sugu, na wanaolala naye chumba kimoja wanaingizwa katika hatari hiyo. Vivyo hivyo kwa anayetumia dawa za VVU. Tarakimu hiyo na ipelekwe kwa mganga kabla ya kidonge kuachwa.

Sababu ya tano imo katika chakula. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa kula mashudu ya karanga yaliyoota kuvu, na hivyo ikagunduliwa sumu ambayo sisi tunaiita sumukuvu. Nchini Kenya, mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaugua watu 317, na 125 kati yao wakafa. Kwetu Tanzania, mwaka 2016, watu wapatao 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wanaokufa ghafla ndio wanaoandikwa; wanaokula kidogo kidogo kwa miaka hawaonekani, nao wamo katika hatari ya saratani ya ini. Mwenye homa ya ini aina ya B anayekula sumukuvu, hatari hiyo huzidi mara nyingi.

Sumukuvu haiondoki kwa kupika. Wala si kweli kwamba mahindi yaliyooza yanafaa kwa pombe au kwa kuku: sumu hubaki katika pombe, na ng'ombe aliyeila huipitisha katika maziwa. Dawa yake ni kazi ya mkono: kuanika juu ya turubai badala ya udongo mtupu, kukausha sawasawa kabla ya kuweka ghalani, na kuchambua punje zilizobadilika rangi na kuzitupa.

YAPASAYO KUFANYWA

Kwa mwananchi ushauri wetu ni huu. Ukiambiwa vimeng'enya vimepanda kidogo, uliza vimefika ngapi na mpaka wake ni ngapi. Mweleze daktari dawa zote unazotumia, mitishamba pamoja nayo, kazi uliyofanya siku hizo, na pombe kama unakunywa. Omba upimwe homa ya ini aina ya B na C, na sukari. Acha pombe na dawa zisizo za lazima, pumzika na kazi nzito siku chache, kisha upimwe tena kwa tarehe utakayopewa, kwa kawaida baada ya majuma mawili hadi miezi mitatu. Vikiendelea kuwa juu kwa miezi sita, uchunguzi zaidi unahitajika, na ultrasaundi ikiwemo. Lakini mwenye macho ya manjano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, tumbo lililojaa maji, kutapika damu au kuchanganyikiwa asingoje tarehe yoyote. Wala mjamzito aliyepanda vimeng'enya asiambiwe asubiri; hali yake yaweza kuwa ya haraka.

Kwa Serikali zetu mbili tuna maombi manne, na hakuna hata moja linalotaka jengo jipya.

Kwanza, karatasi za maabara ziwe na maelezo kwa Kiswahili. Karatasi nyingi zimejaa vifupisho na Kiingereza, na mwenye damu hawezi kuzisoma. Mistari mitatu chini ya karatasi ingetosha: tarakimu hii ina maana gani, usifanye nini, na urudi lini.

Pili, aliyetoka mbali apimwe homa ya ini siku ile ile. Kipimo cha haraka cha aina ya B hutaka tone la damu na hutoa jibu katika muda usiofika nusu saa. Kumrudisha mtu wa Vidunda mlimani, au wa Kojani kisiwani, ili aje tena kwa tone moja la damu, ni kumwambia asirudi.

Tatu, kipimo cha kurudia kihesabiwe kuwa sehemu ya kipimo cha kwanza. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, na Zanzibar ina Mfuko wake wa Huduma za Afya. Wanaopanga vitita vya huduma wakumbuke kwamba kumlipia mtu kipimo cha kwanza na kumwachia cha pili ni sawa na kulipia nauli ya kwenda bila ya kurudi.

Nne, mashirika ya viwango, TBS kwa Bara na ZBS kwa Zanzibar, yazidi kuutazama unga na karanga kabla havijafika sokoni. Kiwango cha Afrika Mashariki kinataka sumukuvu katika mahindi isizidi sehemu 10 katika kila sehemu bilioni moja. Hilo halipimiki kwa jicho, na wala mama wa nyumba hana namna ya kulijua.

Nchi hii si ngeni katika kazi ya kueleza. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili mbele ya redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Walioendesha kazi ile hawakungoja kila kijiji kiwe na hospitali. Redio zipo zaidi leo kuliko wakati ule, na mabwana na mabibi afya wangali wakizuru vijiji. Habari ya ini, ya chanjo na ya turubai la kuanikia mahindi inaweza kuchukuliwa kwa njia hiyo hiyo.

Mwananchi wa Vidunda akiteremka mlima mara moja kwenda kupimwa, tunataka arudi nyumbani akijua mambo matatu: tarakimu yake imezidi kwa kiasi gani, ana kirusi cha homa ya ini au hana, na ni tarehe ipi atakayopimwa tena bila ya kutozwa upya. Wa Kojani naye apate hayo hayo kabla mashua haijaondoka.